Ubongo wa mwanamume, ubongo wa mwanamke: maswali tunayoulizwa Bukavu

Kila tunapokaa na akina mama na akina baba wa Kadutu au Bagira kuzungumza afya, tunaanza na malaria na maji ya kunywa, kisha mtu anachomoza swali la ubongo. Mara nyingi nyuma yake kuna mabishano ya nyumbani: nani aendelee na shule, nani ashike pesa. Haya ndiyo yanayorudi sana.

Ni kweli ubongo wa mwanamume ni mkubwa kuliko wa mwanamke?

Kwa wastani, ndiyo. Unazidi kwa asilimia 10 hivi. Lakini hata moyo wake na mapafu yake yanazidi, kwa kuwa mwili wenyewe ni mkubwa. Tena wastani haukuambii lolote kuhusu mtu mmoja aliye mbele yako. Ni kama urefu: wanaume kwa jumla ni warefu zaidi, ila simama Place de l'Indépendance asubuhi uone ni wanawake wangapi wanaowazidi wanaume wanaopishana nao.

Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Paul Broca alipima uzito wa bongo za maiti, akasema udogo wa ubongo wa mwanamke unatokana kwa sehemu na upungufu wa akili yake. Kwa wanasayansi hoja hiyo ilikufa zamani. Mitaani bado inatembea. Ubongo wa Albert Einstein, aliyefariki mwaka 1955, ulikuwa na gramu 1,230 tu, chini ya wastani wa wanaume. Sijasikia mtu akidai kwamba alikuwa mzito wa kuelewa.

Lakini wanasema mwanamke anatumia pande zote mbili za ubongo, mwanamume upande mmoja.

Maneno hayo yalipata nguvu mwaka 1982, watafiti wawili wa Marekani walipoandika kwamba daraja la neva linalounganisha pande mbili za ubongo lina umbo tofauti kwa wanawake. Walikuwa wamechunguza bongo 14. Kumi na nne! Mwaka 1997 wengine walikusanya tafiti 49 za jambo hilohilo, na tofauti iliyotangazwa haikuonekana. Sote tunatumia pande zote mbili.

Daktari akiona picha ya ubongo wangu, atajua mimi ni mwanamke?

Kompyuta iliyofundishwa inaweza kukisia vizuri, ikisaidiwa sana na ukubwa. Ila kuna utafiti wa mwaka 2015, ulioongozwa na Daphna Joel wa Tel Aviv, uliotazama picha za bongo zaidi ya 1,400. Ubongo wenye sehemu zote "za kiume" au zote "za kike" ulikuwa nadra. Wengi wetu ni mchanganyiko.

Zipo tofauti nyingine za kweli. Katika haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayosimamia homoni na mzunguko wa hedhi, kuna kifundo cha seli ambacho kwa wastani ni kikubwa kwa wanaume. Na ubongo wa msichana hufikia ukubwa wake wa juu mapema kuliko wa mvulana, kwa miaka kadhaa. Hilo ni suala la ratiba ya kukua, si la nani ana akili.

Binti yangu anataka kusoma hesabu na fizikia. Baba yake anasema kichwa cha msichana hakiwezi, aende ushonaji.

Mama, mpeleke mzee soko la Kadutu, asimame dakika chache karibu na muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mteja anatoa dola tano. Muuzaji anazigeuza kuwa faranga kwa bei ya siku hiyo, anatoa bei ya makopo mawili, anarudisha chenji, na wakati huohuo anakataa bei ya mteja mwingine aliye nyuma. Hana kalamu wala karatasi. Hapo hakuna anayeuliza kichwa ni cha nani.

Ukitaka takwimu: mwaka 2008 Janet Hyde na wenzake walilinganisha alama za hesabu za wanafunzi zaidi ya milioni 7 wa Marekani, na hawakukuta tofauti yenye uzito kati ya wavulana na wasichana. Pale wanaume wanapotangulia kwa wastani ni katika kugeuza umbo akilini, yaani kuona kitu kitakavyokuwa kikizungushwa. Uwezo huo huongezeka kwa mazoezi.

Tena, nani alisema ushonaji ni wa wasiojua hesabu? Kukata kitenge gauni litoke bila kipande kupotea ni jiometri tupu. Binti akienda huko, aende kwa kupenda.

Basi tofauti hazina maana yoyote?

Zina maana sana, ila mahali tusipozitazama: kwenye ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema sonona, ile huzuni nzito inayodumu wiki hata wiki, huwapata wanawake zaidi ya wanaume kwa karibu nusu. Homoni zinachangia, hasa baada ya kujifungua. Mateso na mzigo wa maisha vinachangia pia. Lakini duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Baba mwenye sonona huenda asilie. Anakuwa mkali, halali, anazidisha kasiksi, ile pombe ya ndizi, nyumba inamwita mlevi na mambo yanaishia hapo. Mkimwona hivyo, msimsubiri "atulie". Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili, na kwenda huko hakumfanyi mtu kichaa.

Kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudirudi, huwapata wanawake mara mbili hadi tatu ya wanaume. Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, huwapata zaidi wanaume. Usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayobadilisha jinsi mtoto anavyowasiliana na wengine, hugunduliwa zaidi kwa wavulana, karibu watatu kwa msichana mmoja, na sehemu ya pengo hilo ni kwamba msichana mkimya huitwa mwenye adabu, basi hapimwi.

Mimi ni mwanamke, ninameza dawa za kifafa, na nina kipandikizi cha uzazi wa mpango mkononi. Kuna shida?

Inawezekana, na ni swali ambalo wengi hawaulizi. Dawa za kifafa kama fenobarbitali na karbamazepini huharakisha ini kuvunja homoni, hivyo kipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, na mimba inaweza kuingia. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriki hivyo.

Valproati, dawa nyingine ya kifafa inayouzwa pia kwa jina la Depakine, ina hatari nyingine: inaweza kuharibu viungo vya mtoto aliye tumboni na kuchelewesha akili yake. Ukiwa unaimeza na unaweza kupata mimba, muone daktari mapema. Usiiache ghafla kwa woga, kwa sababu degedege mfululizo linaweza kuua. Nenda na pakiti za dawa zote unazomeza, muonyeshe muuguzi mkono wenye kipandikizi, na mtaje tarehe kilipowekwa.