Kapona TB, kifua bado kinabana: hiyo siyo TB sugu

Hapa Moshi mtu akimaliza dozi ya miezi 6 na bado anakohoa, hukumu hutoka hapohapo: ana TB sugu. Nimelisikia kwenye hiace ya Kiboriloni, nimelisikia msibani. Mzee wa watu kikombe chake kinawekwa kando, wajukuu wanaambiwa wasimsogelee.

Mara nyingi anachougua ni madhara ya mapafu baada ya TB. Vimelea wamekufa, makovu yamebaki. Mirija ya hewa imetanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo; kwingine limebaki tundu ambamo fangasi huweza kuota, na mtu akatema damu. Pumzi inakata akipanda kilima. Kovu haliambukizi.

TB sugu ni habari ya vimelea walio hai ambao dawa haziwaui, hasa rifampisini, dawa kuu ya TB. Mtu anaweza kuwa nayo tangu siku ya kwanza, kabla hajameza kidonge hata kimoja, kwa sababu aliambukizwa vimelea ambao tayari ni sugu. Na mwingine akakohoa miaka 10 bila kuwa na kimelea hata mmoja. Hilo huamuliwa maabara. Abiria wa kiti cha nyuma hawezi kulijua kwa kusikiliza kikohozi.

Vipimo navyo vina mitego. Kovu huonekana kwenye picha ya kifua miaka nenda rudi, na wapo wanaoanzishiwa dozi upya kwa picha hiyo tu. Hata GeneXpert, mashine ya kupima TB kwenye makohozi tunayoisifu kwa haki, husoma vinasaba, na vinasaba vya vimelea waliokufa huweza kubaki kwenye makohozi muda mrefu. Ndiyo maana kwa aliyetibiwa karibuni majibu yake hupimwa pamoja na kuotesha makohozi maabara, kuona kama kuna vimelea walio hai. Kwa wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani mambo hukorogeka zaidi: vumbi la mawe lenye silika nalo huacha makovu, na huongeza hatari ya kupata TB yenyewe.

Sisemi kikohozi kipuuzwe, maana aliyepona huweza kuugua tena. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda: arudi akapimwe. Akitema damu, aende siku hiyohiyo. Makohozi yakipimwa na TB isionekane, aombe kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya mapafu, na aulizie mazoezi ya kupumua. Na kile kikombe, tafadhali, kirudisheni kabatini pamoja na vingine.