Kifaa kilichobaki mwilini baada ya mshono kupona

Mtu aliyefanyiwa upasuaji hujihesabu amepona pale mshono unapokauka na nyuzi kutolewa. Kwa aliyewekewa kifaa ndani, iwe vyuma vya mfupa, goti bandia, betri ya moyo (kifaa kidogo kinachosaidia moyo kupiga kwa mpangilio) au stenti ya njia ya mkojo, mambo hayaishii hapo. Kifaa kinaweza kutulia miezi au miaka, kisha kikaleta shida ambayo mwenyewe haihusishi kabisa na upasuaji wa zamani.

Inayotusikitisha zaidi ni stenti ya figo iliyosahauliwa, kwa sababu madhara yake yanazuilika. Huu ni mrija laini wa plastiki unaotoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ili mkojo ushuke pale njia inapozibwa na jiwe au uvimbe. Nyingi hutakiwa kutolewa au kubadilishwa ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu, ingawa zipo zilizotengenezwa kukaa zaidi. Maumivu yakipoa, mgonjwa hurudi kwenye shughuli zake na tarehe ya kliniki inapita. Huku ndani chumvi za mkojo zinaganda juu ya mrija, safu juu ya safu, hadi mrija uliowekwa kwa sababu ya jiwe nao unavikwa jiwe. Plastiki hukakamaa na huweza kukatika vipande. Stenti ya wiki chache kwa kawaida hutolewa kwa dakika chache kupitia njia ya mkojo, bila kisu. Iliyokaa miaka inaweza kuhitaji upasuaji zaidi ya mmoja. Wapo wanaopoteza figo bila hata kuumwa sana, maana figo inayoziba polepole huweza kufa kimyakimya.

Shida nyingine kubwa ni maambukizi. Bakteria wa kawaida wa ngozi wakifika kwenye chuma au plastiki hujishikiza na kujifunika kwa utando wa ute, ambao antibiotiki na chembe nyeupe za damu huupenya kwa taabu. Ndiyo maana mgonjwa humeza dawa, homa ikashuka, dozi ikiisha homa ikarudi. Mara nyingi hawezi kupona mpaka kifaa kitolewe. Na si lazima vijidudu viwe vimeingia siku ya upasuaji: jipu au kidonda cha mguuni kinaweza kuvipeleka kwa njia ya damu hadi kwenye goti lililowekwa miaka mingi nyuma.

Kuna pia kasoro za kifaa chenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni duniani kote nyonga zake bandia aina ya ASR, zilizosuguana chuma kwa chuma, baada ya wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa kulazimika kufanyiwa upasuaji wa marudio. Taarifa kama hiyo ikitoka, asiyejua jina la kifaa chake hawezi kujua kama inamhusu. Omba kadi au maandishi yenye jina la kifaa, namba yake na tarehe kilipowekwa, na uyapige picha.

Hatusemi haya ili mtu akimbilie kutolewa kila kitu. Vyuma vya mfupa visivyosumbua mara nyingi huachwa, kwani kuvitoa nako ni upasuaji. Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo, mwaka 1958, aliishi hadi 2001 huku akibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20.

Rudi hospitali ukiona kovu la zamani linatoa majimaji, kiungo bandia kinaanza kuuma upya, mkojo una damu, au ngozi juu ya betri ya moyo imekuwa nyekundu au nyembamba. Uvimbe hapo usikubali utobolewe kwa sindano kabla wataalamu wa moyo hawajauona. Na kama uliwahi kuwekewa stenti ya figo na hukumbuki iwapo ilitolewa, usingoje dalili: kwa kawaida eksirei moja ya tumbo inatosha kuionyesha, na mjamzito huanza na altrasaundi.