Alama za asili na majeraha ya baadaye kwenye mfupa wa kisukuku

Alama ya asili ni ile ambayo mnyama alikuwa nayo akiwa hai: tundu la mshipa wa damu, mfereji uliopitisha mshipa, ukwaru pale msuli uliposhika, mshono wa fuvu, hata jeraha lililopona. Yote mengine yaliupata mfupa baada ya kifo, ama ungali mbichi, ama umekauka, ama umezikwa, ama umekwisha kuwa jiwe na mchimbaji akaugonga kwa sururu. Elimu ya kufuatilia safari hiyo huitwa tafonomia.

Wengi huanza kwa kuuliza alama inafanana na nini. Swali la kwanza liwe: nini kilitangulia? Tazama ukuta wa nyumba yoyote kuukuu ya Mji wa Kale wa Mombasa. Chokaa ikiwa imeingia ndani ya ufa, ufa ulikuwepo kabla ya kupakwa. Ufa ukiikata chokaa na kuonyesha tumbawe jeupe, huo ni wa baadaye. Mfupa husomwa vivyo hivyo. Kwa karne nyingi udongo huupa rangi na kuuvika utando wa madini. Mkwaruzo wenye rangi na utando uleule wa pembeni ni wa kale. Ukiwa mweupe ndani na kingo kali zinazoukata utando, ni wa mwiko, sururu au brashi ya waya.

Tundu ndilo linalowapoteza wengi. La mshipa hukaa mahali panapojulikana kwenye mfupa wa aina hiyo, kingo zake ni laini, na hupenya kwa mshazari; ukiingiza unyasi, utalala badala ya kusimama. Mara nyingi kuna kifereji kinachoelekea mdomoni mwake. Tundu la jino huingia wima zaidi, na ukutani mwake huonekana vipande vya mfupa vilivyobonyezwa ndani. Hupatikana hasa karibu na ncha za mfupa, penye mfupa laini na mafuta, ambapo fisi hupenda kuguguna. Anayetaka kulizoesha jicho lake anunue muundi wa ng'ombe buchani, auchemshe, autoe nyama yote, kisha atafute tundu la mshipa na alilinganishe na mikato ya kisu cha muuzaji.

Mikwaruzo nayo ina tabia zake. Kisu, hata cha jiwe, huacha mfereji mwembamba wenye umbo la V, na ndani yake mistari midogo sana inayoufuata urefu wake. Jino la mnyama mla nyama huacha mfereji mpana zaidi, wenye umbo la U. Panya na nungunungu huacha mifereji bapa iliyopangana sambamba. Mizizi huchora vijito vyenye matawi na vilivyopindapinda, na hakuna kisu kinachokata hivyo. Shida kubwa ni kukanyagwa: kwato zikiubana mfupa juu ya mchanga wenye chembe kali, huacha mikwaruzo inayofanana sana na ya kisu. Tofauti yake ni kwamba huwa mingi, ya juujuu, inaelekea kila upande, na haijali palipokuwa na msuli.

Mfupa mbichi ukipigwa huvunjika kwa mzunguko, kama kamba iliyosokotwa, na ukingo wake ni laini. Mkavu au uliogeuka jiwe hukatika wima, ukingo ukiwa na ukwaru na vidaraja. Jua nalo hupasua kwa kufuata urefu wa mfupa. Mtaalamu wa visukuku Anna Behrensmeyer alipanga hatua za uchakavu huo, kuanzia 0 hadi 5, kwa kuchunguza mizoga ya Amboseli, na akazichapisha mwaka 1978.

Mfano bora uko hapahapa Kenya. Katika makumbusho ya Nairobi kuna muundi wa jamaa wa kale wa binadamu, wa miaka milioni 1.45, uliopatikana Turkana mwaka 1970. Alama 11 zilizo juu yake zilitolewa nakala kwa kitu laini ambacho madaktari wa meno hutumia kuchukulia chapa ya meno, kisha zikalinganishwa na alama 898 ambazo chanzo chake kilijulikana. Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa 9 ni za kisu cha jiwe, pale msuli wa kigimbi ulipoushika mfupa, na 2 ni za meno ya mnyama wa jamii ya simba. Lakini mikato na meno havikupitana mahali popote, kwa hiyo haijulikani nani aliufikia kwanza. Hata kwa vipimo hivyo, mfuatano usiposomeka, haubuniwi.

Ukiangalia mwenyewe, tumia lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ya simu iliyolazwa pembeni, ili kivuli kiujaze mfereji. Usiguse siki wala asidi: vitakula utando, na mara nyingine mfupa wenyewe. Hapa pwani chumvi ni adui wa pili. Mfupa uliolowa maji ya bahari ukianikwa juani, chumvi huganda ndani na kuubambua uso wake pamoja na alama zote. Kwanza uuloweke katika maji matamu yanayobadilishwa mpaka chumvi itoke, kisha uukaushe polepole kivulini. Rangi nyeusi usiiite moto upesi, kwani madini ya manganizi ya udongoni hupaka vivyo hivyo, ila kwa juujuu tu.

Ukikuta mfupa wa namna hii kwenye shimo la msingi au machimbo ya mawe, uache ulipo, upige picha ukiwa na rula kando yake, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa, ambao Mombasa wako Fort Jesus. Piga picha hiyo kabla ya brashi kugusa, kwa sababu udongo uliojaa ndani ya mkwaruzo ndio unaoonyesha umri wake.