Maghala ya Mvinyo ya Jerez: Jengo Linalotunza Utando Hai

Jerez de la Frontera, mji wa kusini mwa Uhispania, ulikuwa chini ya Waislamu na kuitwa Sharish hadi Mfalme Alfonso wa Kumi alipoutwaa mwaka 1264. Ngome yao, Alcázar, ingali imesimama. Hata hivyo, urithi mkubwa zaidi wa mji huu ni maghala ya mvinyo, yaani bodega, kwa sababu bado yanafanya kazi.

Mvinyo wa zabibu za Palomino huongezewa pombe hadi ufikie takribani asilimia 15, kisha hutiwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 600. Kila pipa hutiwa lita 500 tu. Hewa inayobaki huwezesha hamira kuota utando mweupe juu ya mvinyo, flor, nao huukinga usibadilike rangi. Mvinyo unaokomaa chini ya utando huo ndio fino. Pombe ikipita asilimia 17 utando hufa na mvinyo huelekea kahawia; joto kali na ukavu navyo huudhoofisha utando.

Ndiyo maana kuta za bodega ni nene na paa liko juu sana, joto lipande mbali na mapipa. Madirisha madogo karibu na paa hupokea poniente, upepo wenye unyevu wa Atlantiki, huku mikeka ya nyasi za esparto ikizuia jua. Sakafu ya mchanga wa manjano hunyunyiziwa maji wakati wa kiangazi. Anayekarabati ghala kwa kuipiga sakafu hiyo saruji ameondoa kifaa cha kazi, hata kama kuta zinabaki zinapendeza.

Mapipa hupangwa kwa safu. Mvinyo wa kuuza hutolewa safu ya chini, solera. Pengo hujazwa kutoka safu inayofuata, na ya juu kabisa hupokea mvinyo mpya. Hutolewa sehemu ndogo tu, na bomba lenye matundu huingiza mvinyo polepole chini ya utando usije ukachanika. Utando unahitaji chakula: usipoletewa mvinyo mpya hufifia, hewa ikaingia, na fino ikageuka amontillado, mvinyo wa rangi ya kahawia. Wakati mwingine hilo hufanywa kwa makusudi.

Shambani, udongo mweupe wa chokaa, albariza, hunyonya mvua za majira ya baridi. Baada ya mavuno wakulima huchimba vishimo kati ya mistari ya mizabibu. Bila hivyo maji huteremka mlimani na udongo wenyewe, na mizabibu ikakosa akiba ya kiangazi.