Maumivu ya shingo na mgongo: tiba ninayoanza nayo na ile ninayoiweka mwisho

Alikuja ameikumbatia kifuani bahasha ya picha za MRI, na juu ya blauzi amejifunga mkanda mpana wa kiuno, ule wenye vyuma mgongoni. Kabla hata hajaketi akasema: "Daktari, mimi sina mgongo tena. Pingili zimesagika." Ana miaka 46. Kwa miezi 8 alikuwa hajainama kuokota kitu sakafuni; kikidondoka, anamwita mtoto.

Akatoa karatasi ya majibu na kunionyesha kwa kidole sentensi iliyomkosesha usingizi: diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno, imechakaa na imejitokeza kidogo kwa nyuma. Karatasi haikusema uongo. Lakini kuna jambo ambalo haikumwambia, nami huwa nalitanguliza kabla ya tiba yoyote. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo yaliyojumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 ambao migongo yao haikuwa ikiuma. Miongoni mwa wenye miaka 20, 37% tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa 96%. Diski zilizojitokeza zilionekana kwa 30% ya vijana hao, na kwa wenye miaka 40, karibu na umri wa mama huyu, nusu nzima. Diski huchakaa kama nywele zinavyoota mvi, na mvi haziumi.

Ndiyo maana sianzi na picha, naanza na maswali. Ya kwanza ni ya kutafuta hatari, na haya ningependa kila msomaji ayajue. Maumivu ya kiuno yakiambatana na ganzi kwenye msamba na ndani ya mapaja, pale mwili unapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua. Haja kubwa ikikuponyoka. Miguu yote miwili ikilegea: usisubiri kukuche, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda fungu la neva lililo mwisho wa uti wa mgongo limebanwa, na upasuaji ukichelewa madhara yanaweza kuwa ya kudumu.

Kwa shingo, dalili ya kuogopa huja kimyakimya. Vidole vinakuwa vizito, vifungo vya shati vinashindikana, mwandiko unaharibika, mtu anayumba akitembea. Shingo yenyewe pengine haiumi sana, kwa hiyo watu wanachelewa. Halafu kuna homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, historia ya saratani, kifua kikuu (hiki nacho huweza kushika pingili), na kuanguka au ajali, hasa kwa mzee au mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, maana mifupa yake huvunjika kirahisi. Mwenye dalili hizi anahitaji daktari na vipimo kwanza. Mazoezi yangu yatamsubiri.

Mama yule hakuwa na hata moja. Wagonjwa walio wengi wako hivyo: kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, takriban 90% ya maumivu ya kiuno hayana sehemu moja ya mwili au ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole. Maumivu ni ya kweli kabisa. Ni misuli, viungo vidogo vya pingili, diski, usingizi mbovu, mawazo, kazi nzito au kukaa mno, na mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kengele hata pasipo na moto. Ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo, mara nyingi hakuna kipimo cha kukujibu, na bahati nzuri jibu hilo si lazima ili upone.

Kwa siku za kwanza, mgongo ulipokamata ghafla, tiba ni nyepesi kuliko watu wanavyotarajia. Joto: chupa ya maji ya moto au kitambaa kilichopashwa, dakika 15 hadi 20. Kubadili mkao kila mara. Kutembea kidogo ndani ya nyumba. Kulala mchana kutwa ndilo kosa kubwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ufini waliwagawa wafanyakazi wenye maumivu mapya ya kiuno: wengine walale siku 2, wengine wafanye mazoezi maalumu ya mgongo, wengine waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Wakati huo kitanda kilikuwa dawa inayoheshimika.

Dawa zina nafasi yake, ila ndogo kuliko tunavyozipa. Zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki husaidia kiasi, kwa siku chache, kwa kipimo kidogo kinachotosha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu azungumze na daktari kabla ya kumeza hata kimoja. Parasetamoli peke yake, katika utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014, haikuharakisha kupona kwa kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Na dawa kali za jamii ya afyuni zilijaribiwa hukohuko kwa maumivu mapya ya kiuno na shingo, matokeo yakatoka mwaka 2023: hazikushinda kidonge kitupu. Zinachobakiza ni kufunga choo, kichefuchefu na hatari ya uraibu. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona waliokuja kwangu mgongo ukiwa umetulia lakini dawa ikiwa haiachiki.

Sasa turudi kwa mama na mkanda wake. Nilimwomba aufungue. Akasita, akaufungua, akabaki ameshikilia meza. Nikamwambia aweke viganja juu ya mapaja na aviteleze taratibu kuelekea magotini, aishie pale anapoona panatosha. Alipofika katikati ya paja alikuwa amebana pumzi, taya zimekaza, na misuli ya pembeni mwa uti imesimama kama kamba mbili. "Mama, toa pumzi." Akaitoa, na viganja vikashuka vyenyewe, labda upana wa vidole vitatu. Mgongo haukuwa umebadilika kwa sekunde ile. Kilicholegea ni ulinzi. Tukarudia mara 6. Mara ya mwisho alifika magotini, akabaki pale ameinama, akaniuliza bila kuinuka: "Sasa mbona haujakatika?"

Hiyo ndiyo tiba ninayoanza nayo, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote: mwili kurudishiwa, hatua kwa hatua, mwendo ulioanza kuuogopa. Baada ya viganja kufika magotini tunakwenda kwenye kiti, kisha sakafu, kisha sakafu na mzigo mwepesi, kisha mzito. Zoezi gani hasa? Watu wanapenda kubishana hapa, huyu pilatesi, yule yoga, mwingine kunyanyua vyuma. Kwa maumivu sugu tofauti kati yao ni ndogo. Lililo bora ni lile utakalolifanya mwezi wa tatu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yatulie kufikia kesho yake. Yakizidi hapo, punguza kipimo, usiache.

Niliposoma kazi hii nilifundishwa kuwaambia wagonjwa "linda mgongo, usiiname," nami niliwaambia kwa miaka. Nadhani baadhi yao niliwaongezea woga niliopaswa kuwaondolea. Pingili zimeshikwa na kano nene na misuli ya tabaka kadhaa, na tishu hizo huimarika zikitumiwa.

Mikono ya mtaalamu, yaani masaji, kukanda na kusogeza viungo, inasaidia pia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeiruhusu pamoja na elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia. Nafuu yake mara nyingi ni ya muda, kwa hiyo naitumia kufungua mlango wa mazoezi. Kwa shingo huwa mwangalifu zaidi: kuizungusha kwa nguvu na ghafla hadi ialike kunaweza, mara chache sana, kuchana mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo. Mimi sifanyi. Mwongozo huohuo unakataa mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa za jamii ya afyuni kama tiba ya kawaida. Kola laini ya shingo nayo, ikivaliwa wiki baada ya wiki, hudhoofisha misuli ileile tunayoihitaji.

Maumivu yakishuka chini ya goti, au yakitoka shingoni hadi vidoleni kama umeme, pamoja na ganzi au udhaifu, hiyo ni habari nyingine. Hapo neva imechokozwa, mara nyingi na diski iliyotoka. Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba diski iliyotoka huweza kusinyaa yenyewe, na zile kubwa zilizomwagika nje kabisa ndizo ambazo mwili huelekea kuzila zaidi. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12. Pregabalini, dawa ambayo huandikwa sana kwa ajili ya siatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, ilishindwa kushinda kidonge kitupu katika utafiti wa mwaka 2017. Sindano ya steroidi karibu na neva inaweza kupunguza maumivu ya mguu kwa muda mfupi. Kwa mtu asiyelala kabisa, muda huo una thamani yake.

Upasuaji wa diski unafanyika tangu miaka ya 1930, na siupingi. Ninachopinga ni kuuharakisha bila kuelezwa. Uholanzi, mwaka 2007, walilinganisha watu wenye siatika kali: waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia makundi mawili yalikuwa sawa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wako ni kama neva inazidi kudhoofika. Mguu ukianza kuburuta, au mkono kuangusha vitu, na hali ikawa mbaya zaidi kila siku, upasuaji unasogea mbele. Kwa maumivu ya kiuno tu, bila neva kubanwa, kisu huwa na la kutoa kidogo.

Shingo isiyo na dalili za neva haihitaji maelezo marefu. Kuinamia simu hakujathibitika kuharibu shingo. Kukaa mkao mmoja saa 3 mfululizo ndiko kunakoichosha. Inuka. Imarisha misuli ya mabega na ile ya ndani ya shingo: lala chali, vuta kidevu taratibu kana kwamba unaitikia "ndiyo", shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Mto uwe wa unene unaoacha shingo sambamba na kifua ukilala ubavu. Hakuna mto wa tiba ambao ningekushauri uuze kitu ili uununue.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni maumivu kurudi, na hurudi kweli. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Nusu walisaidiwa na mtaalamu kujenga mazoea ya kutembea, wakilenga dakika 30, mara 5 kwa wiki, ndani ya miezi 6. Nusu hawakupewa kitu. Waliotembea walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla maumivu hayajarudi, wenzao siku 112. Viatu vya kawaida, njia ya kawaida.

Mama yule alianza na dakika 10. Wiki ya nne aliamka mgongo umekamata tena, akanipigia simu sauti ikitetemeka. Nilimuuliza kuhusu mkojo, ganzi na miguu. Vyote sawa. Nikamwambia apashe maji, atembee hadi mlangoni na kurudi kila saa, na siku hiyo arudi kwenye zoezi la viganja na mapaja. Siku ya tatu alikuwa njiani tena, dakika 10, mkanda ameuacha kabatini.