Tanga mbili ya Mida: upepo ukigeuka, ndege hubadilishana zamu

Asubuhi moja ya wiki ya kwanza ya Aprili, saa kumi na mbili na nusu, upepo ulikufa kabisa juu ya hori ya Mida, pwani ya Kenya. Kaskazi iliyovuma tangu Novemba ilikuwa imekwisha, na kusi haijafika. Mzee mmoja mvuvi alipita karibu nami akisukuma mtumbwi kwa upondo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo ndege zako wamevaa."

Ndivyo walivyokuwa. Juma moja kabla ya hapo, vitwitwi waliotapakaa matopeni walikuwa na rangi ileile ya kijivu wanayokuja nayo kila mwaka. Sasa zaidi ya nusu yao walikuwa wekundu wa tofali, kuanzia usoni hadi tumboni. Hao ni Calidris ferruginea, vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, na vazi lile si la kwetu. Ni vazi la kuolea, nao wataolea Siberia, kwenye nyanda za Taimyr ambako barafu itakuwa inayeyuka watakapofika mwezi wa Juni. Huku kwetu hulivaa wiki chache tu kabla ya safari.

Nimeongoza watazamaji wa ndege hapa kusini mwa Malindi kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi ni lini pana ndege wengi. Wengi hutaka niwaambie Desemba au Januari, kwa sababu ndipo wanapopata likizo. Mimi huwajibu: tanga mbili. Mabaharia waliuita hivyo muda huu wa kati, kaskazi imekwisha na kusi bado changa, kwa kuwa chombo kinaweza kutweka tanga kwenda upande wowote. Ndege nao ndivyo wafanyavyo. Wa kaskazini wanaondoka kwenda kuzaa, na wa kusini wanaingia kukimbia baridi ya kwao. Kwa wiki kadhaa za Aprili na Mei utawakuta wote wawili katika hori moja.

Huwa najiuliza kitwitwi ajuaje kwamba wakati umefika. Ulaya au Asia ya kaskazini jibu ni rahisi, siku inarefuka na mwili wa ndege unaipima nuru. Lakini Mida iko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Januari na Aprili ni dakika chache, hata mwenye saa mkononi haioni. Ndege wa safari ndefu wanayo saa ya ndani ya mwili inayozunguka karibu mwaka mzima hata wakifungiwa mahali ambapo nuru haibadiliki, na hilo limethibitishwa kwa majaribio. Saa hiyo ndiyo inayomwambia abadilishe manyoya na aanze kula kwa pupa. Ukimtazama kwa darubini mwishoni mwa Aprili utamwona amenona, tumbo limeshuka nyuma ya miguu kama kifuko. Ni mafuta, na ndiyo nishati yake ya njiani. Miongoni mwa ndege wa matopeni wanaoruka mbali bila kutua, hata matumbo na firigisi husinyaa kabla ya kuondoka ili wasibebe uzito wa kiungo kisicho na kazi angani. Wakifika, viungo hivyo hukua tena.

Kuwaona vizuri kunataka ujue maji. Wageni wengi huja maji yakiwa yamekupwa kabisa, wakiona tope tupu wanadhani ndiyo nafasi nzuri. Wakati huo ndege wako mbali, vidoto tu kwenye upeo wa matope. Njoo maji yakiwa yanajaa, saa mbili au tatu hivi kabla hayajafika juu. Kila wimbi linawasogeza, wanaanza kujazana kwenye kipande cha tope kinachopungua, na ukiwa umekaa kimya kwenye kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, watakuja wenyewe. Siku za bamvua maji hufunika kila kitu haraka na ndege huondoka wote kwa pamoja, kwa hiyo fika mapema zaidi. Siku za maji mafu wanaweza kubaki palepale kutwa nzima.

Anayenishika moyo kuliko wote ni yule mla kaa, Dromas ardeola. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya buluu-kijivu, na mdomo mnene mweusi ambao ungedhani umeazimwa kwa ndege mwingine mkubwa zaidi. Kaa hana pa kujificha mbele yake. Huyu haendi Siberia. Huenda Uarabuni na Ghuba, kwenye visiwa vya mchanga kama Bubiyan wa Kuwait na Abu al Abyad wa Falme za Kiarabu, na vilevile mwambao wa Somalia na Bahari ya Shamu. Huko huchimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai moja tu, jeupe, ndani kabisa. Katika ndege wote wa jamii ya ufukweni hakuna mwingine anayezaa ndani ya shimo alilochimba hivyo. Mchanga wenyewe una joto la kutosha kusaidia kuatamia, kwa hiyo mzazi anaweza kuliacha yai kwa muda mrefu akaenda kutafuta kaa. Na yai halihitaji rangi ya kujificha, ndiyo maana ni jeupe.

Kifaranga wa ndege wengi wa matopeni hukimbia kujitafutia siku ileile aliyoanguliwa. Wa mla kaa hulishwa. Huendelea kulishwa hata baada ya kuvuka bahari: hapa Mida, mwezi wa Novemba na Desemba, ninawaona vijana wa kijivu wakimfuata mzazi matopeni, wameinamisha shingo, wakilia kuomba. Safari ya kutoka Ghuba imekwisha na bado wanaomba. Kila nikimwona mmoja namwonyesha mgeni, kwa sababu hakuna namna bora ya kueleza kwa nini ndege anayetaga yai moja hawezi kustahimili kupoteza visiwa vyake.

Msimu huu kundi kubwa la wala kaa niliwaona mara ya mwisho tarehe 11 Aprili. Jioni ile walikuwa wamesimama kwenye ulimi wa mchanga, wote wameelekea upande mmoja, wakiita kwa sauti kali isiyo ya kawaida. Mmoja akaruka, wakafuata, wakazunguka hori mara mbili na kupanda. Kusi ya kwanza ilikuwa imeanza siku mbili kabla. Majahazi ya zamani yaliyopeleka boriti za mikoko Arabuni yalingojea upepo huohuo. Unatoka kusini, unasukuma kuelekea kaskazini-mashariki, na anayeondoka nao hahitaji kupigana na kitu.

Na upepo huohuo ndio unaowaleta watu wa Bukini. Hapa ndipo wengi wanapopitwa, kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba mhamaji ni yule anayetoka Ulaya au Asia tu. Bukini, yaani Madagaska, Mei huingia baridi na ukavu, na ndege kadhaa wa huko huvuka mlango wa Msumbiji kuja kwetu kupumzika hadi Septemba au Oktoba.

Lakini kwanza Aprili ya nchi kavu, kwa maana masika huamsha kumbikumbi. Mvua ikinyesha usiku na jua likatoka asubuhi, kaa mahali palipo wazi kati ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, tazama juu. Mwaka huu nilipata asubuhi tatu za namna hiyo. Chole wa Ulaya, wale wa buluu wenye mgongo wa rangi ya mdalasini, walipita kwa mkururo, wachache wachache, wakishuka kudaka kumbikumbi na kupanda tena, wote wakielekea kaskazini. Juu yao walikuwa kozi wa Amur, wadogo, mabawa membamba, dume wa kijivu cha kiza mwenye mapaja mekundu. Hao wametoka kusini mwa Afrika na wanakwenda kaskazini-mashariki mwa Uchina na Urusi ya mashariki ya mbali. Ndani ya saa moja hakubaki hata mmoja. Ukichelewa kunywa chai umewakosa, nami nimeacha kabisa kunywa chai asubuhi za kumbikumbi.

Wakati huohuo kweche wa Unguja huvaa rangi nyekundu na nyeusi penye nyasi ndefu na mashamba ya mpunga. Huyu ni mwenyeji, haendi popote. Kwera wa Clarke naye ana safari fupi kuliko zote ninazozijua: hutoka Arabuko-Sokoke kwenda vidimbwi vya Dakatcha, kaskazini tu ya hapa, mvua zikijaza majani ya majini. Ndege huyu hapatikani popote duniani ila kaunti ya Kilifi, na viota vyake havikupatikana hadi 2013.

Katikati ya Mei jirani mmoja aliniita usiku. Ndege alikuwa amejigonga kwenye dirisha lenye taa na kuanguka barazani. Nilimjua kabla sijainama: mgongo wa kijani, tumbo jekundu, kinyago cheusi usoni, na madoa ya samawati yanayong'aa kwenye bawa. Pita wa Afrika. Huzaa wakati wa mvua kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Zimbabwe na Msumbiji, kisha huja kwenye misitu ya pwani yetu kati ya Aprili na Oktoba. Husafiri usiku, karibu na ardhi, na taa zinamvuta. Tulimweka ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, gizani, bila kumpa maji wala chakula, na alfajiri tukamwachilia chini ya miti. Alikaa kidogo, akaruka mara tatu kama chura, akapotea. Nawaomba wote wenye nyumba karibu na msitu: kuanzia Aprili hadi Juni zimeni taa za nje mnapolala, au vuteni pazia zito. Pita wengi tunaowajua hapa tumewajua wakiwa wamekufa chini ya madirisha.

Mwenzake wa sakafu ya msitu ni kuruwiji mwenye madoadoa, Geokichla guttata, aliye hatarini kutoweka. Anayefika kwetu huzaa kusini-mashariki mwa Tanzania, kwenye misitu kama ya Rondo kule Lindi. Pahali pa kumtafuta ni ndani ya magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioingizwa mwaka 2024 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu huja kutazama msikiti na kasri, na ndege yuko nyuma ya ukuta. Usitembee. Kaa kwenye jiwe la ukuta ulioanguka na usikilize majani makavu: sauti ya mjusi hukimbia na kukatika, ya panya-pua ni nzito na ya haraka, ya kuruwiji ni kupindua jani, kunyamaza, kupindua jani. Nilikaa dakika hamsini tarehe 24 Mei kabla hajatokea, kifua cheupe chenye madoa meusi makubwa kama ya chui. Msitu ule ni mdogo, umeponea kwa sababu wazee waliuheshimu na serikali ikauhifadhi kwa ajili ya mawe, na ndege wanaishi kwa baraka ya yote mawili.

Huku mikokoni zamu imeshabadilishwa. Keremkerem wekundu waliokuwa wakilala kwenye mikandaa tangu Novemba waliondoka mapema Aprili kwenda kuzaa kaskazini. Kufikia mwisho wa Mei walioingia jioni kulala walikuwa keremkerem wa Bukini, kijani cha zeituni, kidevu cha rangi ya kutu. Kulasitara wa Bukini naye amefika, na huyu ni mtihani, kwa sababu akiwa hapa anafanana sana na ndugu yake mwenyeji. Tazama mdomo, wa Bukini ni mnene zaidi, na michirizi ya kifuani ni mipana na ya kiza. Usiandike kwa kukisia.

Kuandika ndiko kunakonisumbua. Aprili hoteli nyingi hufunga, wageni huondoka, na waongozaji wenzangu hurudi mashambani kupanda mahindi. Siwalaumu. Lakini ramani ya ndege wa Kenya, ile inayogawa nchi katika viraba vya kilomita tisa kwa tisa hivi, hujazwa na watu wanaotoka nje na kuandika walichokiona, na hesabu kubwa za ndege wa majini hufanywa Januari na Julai. Tanga mbili inaanguka katikati. Tarehe za kuondoka na kuwasili ndizo zitakazotuonyesha kama kusi inachelewa au ndege wanachelewa, na tarehe haipatikani bila mtu kuwepo. Mwalimu mwenye wanafunzi na darubini moja anaweza kuifanya kazi hii kila Jumamosi, kuanzia Machi hadi Juni, gharama yake nauli ya bodaboda.

Juni nilikwenda Sabaki, kwenye mlango wa mto kaskazini mwa Malindi. Maji mekundu ya mto yalikuwa yanaingia baharini, kusi inavuma kwa nguvu, mchanga unapiga miguuni. Kwenye ulimi wa mchanga walilala Glareola ocularis, ndege wa kahawia wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wote kutoka Bukini, wameelekeza vifua kwenye upepo. Miaka mingine hufika maelfu, na sehemu kubwa ya ndege wote wa aina hii duniani huenda ndiyo hiyo iliyolala pale. Mbwa wawili wa mchungaji walipita, kundi lote likainuka kama mkeka ulionyanyuliwa, likakaa hewani dakika kumi. Watoto waliokuwa na mbuzi waliniuliza ninatazama nini. Niliwapa darubini, na wa mwisho kuirudisha aliwaita mbwa wake wakae karibu naye.

Nikirudi nilipitia Mida, maji yakiwa nusu. Wala kaa saba walikuwa bado pale, wote vijana wa kijivu, wadogo mno kwenda kuzaa mwaka huu. Hatua ishirini hivi kutoka kwao, pembeni ya mkoko wa mchu, kulasitara mmoja wa Bukini alikuwa amesimama bila kutikisika, akingoja.