Kusasishwa kwa hifadhidata ya seti za jeni: ufafanuzi kwa watafiti wa kinga ya mwili na washiriki wa tafiti

Tangu kitengo chetu kihamie toleo jipya la MSigDB, hifadhidata ya orodha (seti) za jeni, katika uchambuzi wa data za kinga ya mwili, malalamiko yameongezeka kutoka pande mbili. Watafiti na wanafunzi wa uzamili wanasema kwamba matokeo yao yamebadilika ingawa hawakugusa kitu, na baadhi ya watu waliojitolea damu katika tafiti wanauliza kama vinasaba vyao vimepelekwa Marekani. Tunaamini kwamba pande zote mbili zinauliza kwa nia njema, na zote zinastahili jibu la wazi.

Tuanze na washiriki. MSigDB haina kinasaba cha mtu yeyote. Kilichomo ni orodha za majina ya jeni ambazo utendaji wake ulionekana kupanda au kushuka pamoja katika hali fulani, kwa mfano pale seli nyeupe za damu zinapokutana na bakteria au siku chache baada ya chanjo. Anayesoma orodha hiyo hupata majina ya jeni ambazo kila binadamu anazo, na hakuna njia ya kujua kutokana nayo damu ilikuwa ya nani. Sampuli yako na taarifa zako zinalindwa na fomu ya ridhaa uliyoisaini na, kwa Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, na tunawaomba wanaoendelea kusambaza uvumi huo waache, kwa sababu unawatia hofu watu ambao bila wao hakuna utafiti wa chanjo.

Hifadhidata hii ilitolewa mwaka 2005 na sasa inaendelezwa na taasisi ya utafiti ya Marekani, Broad Institute, pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mkusanyo unaotuhusu zaidi unaitwa C7. Ndani yake mna ImmuneSigDB, yenye seti 4,872 zilizotokana na tafiti 389 za kinga za binadamu na panya, na mna seti 347 za mwitikio wa chanjo zilizoandaliwa na muungano wa watafiti unaojulikana kama HIPC. Baadhi ya seti hizo zinahusu RTS,S, chanjo ya malaria ambayo majaribio yake makubwa yalifanyika katika nchi 7 za Afrika, ikiwa ni pamoja na Bagamoyo na Korogwe kwa upande wa Tanzania na Kilifi kwa upande wa Kenya. Kwa hiyo usahihi wa orodha hizi ni jambo letu pia.

Sasa, kwa nini zisasishwe? Sababu kubwa ni kwamba majina rasmi ya jeni hubadilika kadiri kazi zake zinavyofahamika. Jeni iliyoitwa IL8 sasa ni CXCL8. TMEM173 ni STING1, na MB21D1 ni CGAS. Hizi mbili hufanya kazi pamoja, CGAS ikigundua DNA iliyo mahali isipostahili ndani ya seli na STING1 ikipitisha taarifa ili interferoni, protini za kutahadharisha kinga, zizalishwe. Mengine yalibadilishwa kwa sababu ya Excel, ambayo ilikuwa ikiigeuza MARCH1 au SEPT2 kuwa tarehe, na ndiyo maana mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni, HGNC, ilitangaza majina MARCHF1 na SEPTIN2. Hata hivyo bado tunaletewa majedwali yenye jeni zinazoitwa «1-Mar» na «2-Sep», na hilo halikubaliki tena.

Mfano mmoja utaonyesha madhara yake. Mwanafunzi alituletea jedwali la zamani lenye IL8, TMEM173 na MB21D1, akalipambanisha na seti mpya. Uchambuzi wa GSEA, unaopima kama seti nzima ya jeni imepanda au kushuka, hupanga jeni zote kuanzia iliyopanda zaidi hadi iliyoshuka zaidi, kisha hushuka orodha hiyo hatua kwa hatua: alama huongezeka kila inapokutana na jeni iliyomo kwenye seti, na hupungua inapokutana na isiyomo. Jina lisilotambuliwa huachwa tu, bila programu kusimama. Seti aliyoitegemea ilikuwa na jeni 17. Zilipopotea hizo 3 zikabaki 14, na kwa kuwa mpangilio wa kawaida wa programu huziacha seti zenye jeni chini ya 15, seti nzima ikatoweka kwenye matokeo. Mwanafunzi alikuwa ameshaandika kwamba kinga haikuitikia, ilhali iliitikia.

Kuhusu panya, tangu mwaka 2022 seti zake zimetengwa, na jina la toleo huishia na Mm badala ya Hs ya binadamu. Msizichanganye. Panya hana kabisa jeni inayolingana na CXCL8, na hakuna programu inayoweza kuibuni.

Toleo jipya halimaanishi kwamba tafiti za zamani zilikuwa za uongo. Ninasisitiza hili kwa sababu wapo wanaojaribu matoleo matatu au manne na kuripoti lile linalopendeza, kisha wanaita huko kusasisha. Huko ni kuchagua matokeo, na ripoti ya namna hiyo tunairudisha.

Utaratibu wetu ni huu. Toleo huchaguliwa kabla ya uchambuzi na halibadilishwi katikati. Jina kamili la faili, kwa mfano c7.immunesigdb.v2023.2.Hs.symbols.gmt, huandikwa katika sehemu ya mbinu, na nakala yake huhifadhiwa pamoja na data. Majina ya jedwali hubadilishwa kwa faili la CHIP (linalolinganisha majina ya zamani na mapya) la toleo lile lile, na idadi ya jeni zilizoachwa huripotiwa. Leseni nayo ifuatwe: maudhui mengi yako chini ya CC BY 4.0, leseni huria inayokutaka utaje chanzo, uweke kiungo cha leseni na useme ulichobadilisha, huku baadhi ya seti, zikiwemo za KEGG (hifadhidata nyingine ya jeni), zikiwa na masharti ya ziada. Anayekiuka CC BY 4.0 hupoteza haki ya matumizi papo hapo, na haki hiyo hurejea yenyewe iwapo atarekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu alipoligundua. Ripoti isiyotaja toleo haitapitiwa na kitengo hiki. Itarejeshwa kwa mwandishi pamoja na fomu ya marekebisho, ambayo msimamizi wake naye atapaswa kuisaini kabla haijapokelewa upya.